Mashine nzima ndani ya bahasha: Unayopaswa kujua kabla ya kuvusha diski za biashara yako

Na Mwandishi Wetu wa Habari za Kanda

RUSUMO. Boksi lilikuwa dogo, halizidi ukubwa wa tofali moja. Ndani yake mlikuwa na diski 60 za DVD, nyeupe, kila moja ikiwa imeandikwa kwa kalamu neno moja tu: MASHINE. Mwenye boksi, mama wa makamo kutoka Kahama, alikuwa amelipakata tangu basi lilipoondoka mjini kwake. Asubuhi hiyo alisimama mbele ya meza ya ukaguzi, upande wa Rwanda, nami nilikuwa nyuma yake kwenye foleni.

"Mama, humu kuna filamu gani?" ofisa kijana aliuliza kwa Kiswahili kizuri.

"Si filamu, mwanangu. Ni matofali."

Foleni nzima ikaangua kicheko, na ofisa mwenyewe akatabasamu. Lakini boksi halikupita.

Mama huyo anauza mashine za mkono za kufyatua matofali ya kufungamana, yale yanayotengenezwa kwa udongo na saruji kidogo na kupangwa ukutani bila kutumia mchanga mwingi wa kujengea. Mashine moja ni chuma kizito kinachohitaji watu kadhaa kuinyanyua. Hawezi kuizungusha kwenye basi kila anapotafuta mteja. Kwa hiyo aliipiga picha za video ikifanya kazi, kuanzia udongo unavyochekechwa hadi tofali linavyoanikwa kivulini, kisha akatengeneza nakala 60. Siku hiyo alikuwa na miadi na wajenzi wa chama cha ushirika wilayani Kirehe. Kila mwanachama angeondoka na nakala yake, akaitazame nyumbani na mwenzi wake kabla ya kuamua kutoa fedha.

Ofisa alitaka kuona kilichomo, na hiyo ni haki yake. Diski ya kwanza haikusoma. Ya pili ilitoa picha bila sauti. Ya tatu ndiyo iliyoonyesha udongo mwekundu, koleo na tofali likichomoka kwenye kalibu. Hapo ofisa aliridhika na kumtakia safari njema. Lakini miadi ilikuwa saa nne, na saa nne ilikwisha kupita. Wajenzi walikuwa wametawanyika, na kikao chao hukaa mara moja kwa mwezi.

Tulipokaa kusubiri gari alinieleza jinsi diski zile zilivyopatikana. Alimpa kijana wa duka la kompyuta faili la video na fedha ya diski 60, akazichukua jioni zikiwa tayari. Hakuna aliyejaribu hata moja kabla ya safari. Kilichompoteza mwezi mzima wa biashara hakikuwa mpaka, bali kazi iliyofanywa nusu kabla ya kufika mpakani.

Mwandishi huyu amekutana na wafanyabiashara wengi wanaobeba diski za namna hiyo. Wengine wanauza pampu za sola, wengine dawa za mifugo, wengine programu za kutunza hesabu za duka. Kwao diski ni mfanyakazi wanayemtuma bila kwenda naye. Anapofika kwa mteja anatakiwa kusema mara moja na kusema vizuri, na anapofika mpakani anatakiwa kujitambulisha mwenyewe. Makala haya yanaeleza jinsi ya kumwandaa.

Kwa nini bado diski?

Swali la kwanza ambalo mfanyabiashara anapaswa kujiuliza ni kama anahitaji diski kweli. Kompyuta nyingi za mpakato zinazouzwa siku hizi hazina tena mlango wa diski. Mteja mwenye ofisi mjini Nairobi au Kigali huenda akapenda zaidi flashi, au kiungo cha kufungua kwenye simu.

Hata hivyo, diski haijafa. Katika miji midogo na vijijini, deki ya DVD na televisheni bado zipo sebuleni, kwenye ukumbi wa ushirika na kwenye mgahawa wa stendi. Video ya dakika 20 yenye picha safi hula bando kubwa la intaneti, na ikitumwa kwa simu hubanwa mpaka maandishi madogo hayasomeki. Deki haihitaji bando.

Diski ina faida nyingine mbili. Ya kwanza ni kwamba, ikishafungwa vizuri, mteja hawezi kuifuta ili aweke nyimbo. Flashi unayoitoa bure leo, kesho inabeba muziki wa harusi, na maelezo ya mashine yako yamekwisha. Ya pili ni kwamba diski iliyofungwa haiwezi kuingiliwa na kirusi kutoka kwenye kompyuta ya mteja. Flashi inayopita kompyuta kumi inaweza kurudi na ugonjwa wa zote kumi.

Jambo la busara ni kujua wateja wako wanatumia nini kabla ya kuagiza nakala. Wengi hufanya mchanganyiko: diski kwa mikutano ya vijijini, flashi chache kwa wanunuzi wakubwa.

Kuchoma na kuchapa ni kazi mbili tofauti

Ukienda Kariakoo jijini Dar es Salaam au mtaa wa Luthuli jijini Nairobi ukisema unataka kutengenezewa diski, karibu kila fundi atafikiria kuchoma. Lakini kuna njia mbili, na tofauti yake ni ya fedha.

Kuchoma hutumia diski tupu iliyotoka kiwandani ikiwa na tabaka la rangi maalumu ndani yake. Leza ya kompyuta huunguza alama ndogo sana katika rangi hiyo, na alama hizo ndizo taarifa zako. Njia hii inafaa kwa nakala chache, kuanzia moja hadi mia kadhaa. Unaweza kuagiza 50 leo na 50 nyingine mwezi ujao baada ya kurekebisha bei au namba ya simu. Udhaifu wake ni kwamba rangi ile huchuja kwa jua na joto kali, na baadhi ya deki kuukuu husoma diski zilizochomwa kwa shida.

Kuchapa ni kazi ya kiwanda. Kwanza hutengenezwa kioo mama, kisha kutoka kwenye kioo hicho hupatikana chapa ya nikeli yenye vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Plastiki ya moto humiminwa kwenye kalibu yenye chapa hiyo, na diski hutoka ikiwa tayari na vishimo vya taarifa ndani ya plastiki yenyewe. Halafu hupakwa utando mwembamba wa alumini na vanishi ya kuilinda, kisha picha ya juu huchapwa. Diski moja huchukua sekunde chache tu. Gharama kubwa ni ya kuandaa kioo na chapa, ndiyo maana viwanda mara nyingi havipokei oda ndogo. Huanzia nakala 500 au 1,000.

Kwa mfanyabiashara wa kawaida, hesabu ni rahisi. Kama nakala unazohitaji hazifiki 500, choma. Kama ni maelfu, na maelezo hayatabadilika kwa mwaka mzima, omba bei ya kiwanda na uilinganishe. Kosa kubwa ni kuchapa nakala 1,000 zenye bei ya bidhaa ndani yake. Shilingi ikishuka au faranga ikipanda, una boksi kumi za takataka. Bei iandike kwenye karatasi unayoweza kuibadilisha, siyo kwenye diski.

Muulize fundi anatumia nini kuchomea. Kompyuta yenye mlango mmoja huchoma DVD moja iliyojaa kwa kama dakika nane, kwa kasi ya wastani. Diski 300 ni dakika 2,400, yaani saa 40 za kukaa mbele ya mashine. Ndipo fundi huanza kuharakisha kasi na kuacha kuhakiki. Mnara wa kudurufu wenye milango saba humaliza kazi ileile kwa mizunguko 43, karibu saa sita. Ukitaka kila diski ihakikiwe, ongeza muda unaokaribiana na huo. Kwa hiyo kazi ya diski 300 iliyofanywa vizuri ni ya siku moja na zaidi hata kwa mnara. Anayekuahidi ndani ya saa tatu amekuambia, bila kusema, kwamba hatahakiki.

Mambo matatu yaandikwe kwenye oda yako. Kwanza, kasi isiwe ya juu kabisa. Kwa DVD inayoruhusu kasi ya 16, kuchoma kwa 8 ni salama zaidi. Pili, diski ifungwe mwishoni, kwa sababu isipofungwa deki nyingi haziisomi. Tatu, kila nakala ihakikiwe, au angalau chache za kila mzunguko zijaribiwe kwenye deki ya kawaida, siyo kwenye kompyuta iliyozichoma. Mashine ya mzazi siku zote humwelewa mtoto wake. Kazi ni kumpeleka kwa jirani.

CD au DVD?

Zote mbili zina upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2, kwa hiyo kwa macho hazitofautiani. Tofauti ni nafasi. CD ya kawaida hubeba megabaiti 700. DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, na ya matabaka mawili gigabaiti 8.5.

Kama una katalogi ya kurasa, picha za bidhaa, fomu za oda na programu ndogo ya hesabu, CD inatosha. Kama una video ya kuonyesha mashine ikifanya kazi, nenda kwenye DVD. Ya matabaka mawili iache mpaka ulazimike, kwani ni ghali zaidi na deki nyingine hukwama katikati inapohama tabaka. Kwa deki za zamani, chagua DVD-R kuliko DVD+R.

Wapo wanaovutiwa na vile vidiski vyenye umbo la kadi ya biashara. Vinapendeza mkononi, lakini nafasi yake ni kama megabaiti 50, na vikiingizwa kwenye redio ya gari au kompyuta inayomeza diski kwa mdomo mwembamba hunasa humo. Mteja aliyelipia fundi kuchomoa kadi yako hatakupigia simu kuagiza bidhaa.

Lugha tatu ndani ya diski moja

Hapa ndipo DVD inapomfaa mfanyabiashara wa mipakani kuliko chombo kingine cha bei yake. Kwa muundo wake, DVD ya video inaweza kubeba njia za sauti hadi nane na maandishi ya chini ya picha hadi lugha 32. Maana yake ni kwamba video moja ya kufyatua matofali inaweza kuwa na sauti ya Kiswahili, ya Kifaransa na ya Kinyarwanda, na mteja akachagua kwa rimoti.

Wengi hawalijui hili. Hutengeneza diski ya Kiswahili kwa Tanzania, nyingine ya Kifaransa kwa Bujumbura na Bukavu, na nyingine ya Kiingereza kwa Kampala. Kisha hubaki na 40 za lugha moja zisizotakiwa huku wakiwa wameishiwa nyingine. Diski moja yenye lugha zote huondoa hasara hiyo, na oda moja kubwa ina bei nafuu kuliko oda tatu ndogo.

Kiswahili kinakwenda mbali zaidi kuliko wafanyabiashara wengi wanavyodhani. Kinasikika mashariki mwa Kongo kuanzia Goma hadi Lubumbashi, na Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Hata hivyo, mtu anayetoa akiba yake kununua mashine hupenda kusikia vipimo kwa lugha anayoota nayo. Sehemu ya vipimo, tahadhari na matengenezo iwekwe kwa lugha ya mahali pale, hata kama sehemu ya kujitambulisha ni ya Kiswahili.

Mtengenezaji wa video aelezwe mambo mawili ya kiufundi. La kwanza ni mfumo wa picha. Tanzania, Kenya na Uganda zilifuata PAL, wenye picha 25 kwa sekunde. Programu nyingi za kuhariri video zinazotoka Marekani huja zikiwa zimewekwa NTSC. Asipobadilisha, televisheni ya zamani inaweza kuonyesha picha isiyo na rangi au inayorukaruka. Chagua PAL. Kwa nchi zinazotumia Kifaransa pia diski za PAL ndizo zinazotumika.

La pili ni namba ya kanda ya DVD. Dunia iligawanywa katika kanda, na sehemu kubwa ya Afrika ni kanda ya 5, wakati Afrika Kusini na Misri ziko kanda ya 2. Diski ya biashara haina sababu ya kufungiwa kanda yoyote. Iagize iwe huru, ili mteja aliyenunua deki yake Dubai au Johannesburg aweze kuiona.

Na kwa diski ya kompyuta, usitegemee ijifungue yenyewe. Kompyuta nyingi sasa huuliza kwanza au hukaa kimya. Weka faili moja mbele lenye jina linaloeleweka: ANZA HAPA. Maelezo na mabango ya mkutano yahifadhiwe pia kwa PDF, kwa sababu slaidi ulizopanga vizuri nyumbani huvurugika kompyuta ya mteja isipokuwa na herufi ulizotumia.

Cha mwenzio si chako

Diski inapobeba programu, biashara inaingia kwenye hakimiliki. Anayeuza mashine ya kusoma bei dukani hupenda kumwekea mteja kila kitu: programu ya stoo, ya kuandika barua, ya kufungulia video, ya kuua virusi. Nia ni njema, lakini programu kuwa ya bure kutumia hakumaanishi una ruhusa ya kuigawa. Baadhi ya watengenezaji huruhusu mtu kuipakua kwa matumizi yake tu. Soma leseni, au omba ruhusa kwa maandishi na ukae na nakala yake.

Programu za chanzo huria hutoa uhuru mkubwa zaidi, lakini nazo zina masharti. Chukua mfano wa VLC, programu ya kufungulia video inayopendwa na wengi. Hugawiwa chini ya leseni iitwayo GPL. Leseni hiyo inakuruhusu kuinakili na kuigawa, hata kuiuza. Inakutaka ugawe pia chanzo cha programu, au utoe ahadi ya maandishi, inayodumu angalau miaka mitatu, kwamba atakayekitaka utampa. Faili la chanzo kwenye diski ileile linamaliza jambo hilo.

Muziki nao usisahaulike. Wimbo unaotamba redioni ukiwekwa chini ya video ya pampu yako bila ruhusa ni kosa lilelile la anayeuza nakala bandia. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayosimamiwa na COSOTA. Kenya ina sheria ya mwaka 2001 na Bodi yake ya Hakimiliki, KECOBO. Uganda ina sheria ya mwaka 2006, na masuala hayo hushughulikiwa na ofisi ya usajili ya URSB. Sauti ya mtu anayeeleza, na mlio wa mashine yenyewe, vinatosha.

Kabla ya kudurufu, nakala mama ikaguliwe virusi kwa kompyuta nyingine. Mnara wa kudurufu haubagui. Ukiwa na kirusi kimoja kwenye nakala mama, utakuwa umekilipia mara 300 na kukipeleka kwa wateja 300 kwa jina lako.

Forodha wanaona nini

Turudi mpakani. Kwa nini boksi la yule mama lilitiliwa shaka? Kwa sababu diski nyeupe zilizoandikwa kwa kalamu zinafanana kabisa na filamu na muziki wa kuchomwa unaokamatwa kila siku. Nchi kadhaa zimeweka alama za kutambua kazi halali. Tanzania ilileta stempu za kodi kwa bidhaa za filamu na muziki, na Kenya ina alama ya usalama ya KECOBO. Ofisa akiona diski isiyo na alama wala jina, lazima aulize.

Dawa yake ni lebo inayosema. Uso wa diski uchapwe jina la biashara, jina la bidhaa, kilichomo, lugha, mwaka na namba ya simu. Kama unaigawa bure, iandike wazi: SAMPULI, HAIUZWI. Zipo printa zinazochapa moja kwa moja juu ya diski zenye uso mweupe wa kupokea wino. Epuka stika. Ikibandikwa upande kidogo tu, diski hutetemeka inapozunguka kwa kasi, na kwenye joto la basi hubanduka na kunasa ndani ya deki.

Katika orodha ya kimataifa ya ushuru, diski ziko kwenye kichwa namba 8523, pamoja na flashi na kadi za kuhifadhia. Tupu na zilizorekodiwa zina vifungu tofauti, na kila kifungu kina kiwango chake. Mpe wakala wako wa forodha namba hiyo na umwambie ni za aina gani, aangalie kiwango cha sasa kabla hujasafiri.

Thamani nayo ina hila yake. Mwaka 1984 kamati ya kimataifa ya thamani za forodha, chini ya GATT, iliamua kwamba kwa diski au tepu yenye programu za kompyuta, nchi inaweza kuhesabu thamani ya chombo kitupu peke yake, bila thamani ya programu iliyomo, mradi gharama hizo mbili zimetenganishwa. Uamuzi huo hauhusu muziki, filamu wala video. Ni hiari ya kila nchi, kwa hiyo uliza kwa unakokwenda. Lakini kutenganisha kwenye ankara hakugharimu kitu: mstari mmoja diski tupu na kazi ya kudurufu, mstari wa pili leseni ya programu. Ukiweka jumla moja, umejinyima hoja.

Kwa sampuli, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina nafasi ya msamaha kwa zile ambazo kamishna anaona hazina thamani ya kibiashara. Diski 60 zilizoandikwa HAIUZWI, pamoja na barua ya mwaliko wa ushirika, zinaeleweka. Diski 600 zisizo na maandishi hazieleweki.

Vipi kuhusu ile fomu rahisi ya uasilia, inayowasaidia wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani? Hapa pana mtego. Fomu hiyo ni ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Diski tupu zinazouzwa madukani kwetu huagizwa kutoka nje, na kuchoma video juu yake Kahama au Kisumu si jambo la kulichukulia kwamba limeigeuza kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki. Usijaze fomu kwa kubahatisha. Mpakani kuna dawati la taarifa za biashara. Uliza hapo kwanza.

Kituo cha pamoja cha Rusumo, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2016, kimepunguza mizunguko: msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia. Hilo ni jema, lakini lina maana pia kwamba nafasi ya kujieleza ni moja. Karatasi zako ziwe mkononi, siyo ndani ya begi lililofungwa juu ya basi.

Mfuko wa plastiki na joto la safari

Kuna wanaofunga diski zao vizuri, zikapita forodha, na bado wakakwama kwa sababu ya kitu walichozifungia. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza vitu vya plastiki vya kutumika mara moja. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Bahasha ya karatasi yenye kidirisha, ndani ya boksi la katoni, haina ugomvi na mtu. Pia ni nyepesi, na unaweza kuichapa maelezo.

Joto ni adui mwingine. Usiweke boksi juu ya injini ya basi wala kwenye dashibodi ya gari. Diski za kuchomwa zikiachwa juani sokoni, rangi yake huchuja na taarifa hupotea pole pole. Zipange wima ndani ya boksi, siyo kulala moja juu ya nyingine bila bahasha, maana mchanga mdogo ukiingia katikati hukwaruza zote.

Beba pia nakala mama mbili, moja kwenye flashi mfukoni na nyingine uiache nyumbani kwa mtu unayemwamini. Boksi likipotea Nyakanazi, bado unaweza kumpata fundi mji unaofuata.

Kikao cha mwezi uliofuata

Yule mama wa Kahama hakurudi nyumbani kulalamika. Alimrudishia fundi diski zote, wakazijaribu moja moja kwenye deki ya jirani anayeuza chai. Zaidi ya robo zilikuwa na kasoro. Fundi alikubali kurudia kazi kwa kasi ndogo, akazifunga na kuzihakiki. Safari hii uso wa diski ulichapwa picha ya tofali, jina la biashara yake, namba ya simu na maneno SAMPULI, HAIUZWI kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Sauti ya Kinyarwanda aliiweka kwa msaada wa binti aliyesoma Ngara na kuolewa ng'ambo ya mto.

Mwezi uliofuata alinipigia simu akiwa Kirehe. Mpakani aliulizwa swali lilelile, akatoa diski moja juu ya boksi na kumpa ofisa mkononi. Ofisa alisoma, akamrudishia, akasema, "Pita, Mama." Kikaoni wajenzi walitazama video mara mbili, ya pili kwa sababu walitaka kuona tena kipimo cha saruji. Wakati ananipigia hawakuwa wamenunua mashine. Walikuwa wamechukua diski kwenda kuzungumza na watu wao nyumbani, na walikuwa wamempa tarehe ya kurudi.

Nilimuuliza kama hakukata tamaa kuondoka mikono mitupu kwa mara ya pili. Alicheka. Alisema safari ya kwanza aliondoka akiwa ameacha watu waliochoka kumsubiri. Safari hii ameacha wafanyakazi 60 Kirehe, kila mmoja kwenye nyumba yake, na hawalipi posho.